Riwaya ni jukwaa lililokatika stima: maswali ninayoulizwa kila mara

Nikialikwa kuzungumza na wanafunzi, au nikikutana na vijana wanaoandika hapa Mombasa, maswali huwa ni yale yale. Nimechoka kuyajibu nusu nusu, mguu mmoja ndani ya tuktuk na mwingine nje, kwa hivyo nimeyakusanya hapa. Niliigiza na kuelekeza michezo kwa miaka 11 kabla ya riwaya yangu ya kwanza kutoka, na mengi ya ninayoulizwa yanahusu hilo: jukwaa lilinifanya nini.

Ulianzia wapi?

Kwenye tamasha la drama la shule, kama wengi. Mchezo wangu wa kwanza nilikuwa askari asiyesema neno, nikisimama mlangoni na fimbo ya ufagio. Nilijifunza kusimama.

Shule yangu ya kweli ilikuja baadaye, nilipojiunga na kundi la kuigiza vitabu teule, vile vya fasihi vinavyotahiniwa sekondari. Aliyesoma sekondari Kenya anaijua kazi hii: matatu ya kukodi, maleba ndani ya gunia, spika mbili, na naibu wa mwalimu mkuu anayeuliza kama mtamaliza kabla ya chakula cha mchana. Tulizunguka Mombasa, Kwale, Kilifi, hadi Taita Taveta. Tamthilia hazikutusumbua sana. Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ziliandikwa zichezwe. Unazifungua na tayari kuna mlango, kuna kiti, kuna mtu anaingia. Kazi ilikuwa kwenye riwaya. Chukua Chozi la Heri ya Assumpta Matei, yenye wahusika chungu nzima na kumbukumbu ndani ya kumbukumbu, uigeuze onyesho la muda wa saa mbili mbele ya wanafunzi wenye njaa. Kila ukurasa lazima uuhoji: hapa nani anataka nini, kwa nani, na akikosa itakuwaje? Ukurasa usiojibu unakatwa, hata kama ni mtamu.

Nimeifungua riwaya vipande vipande namna hiyo mara nyingi, kama fundi wa saa, kabla sijathubutu kuiunda yangu.

Kile kisa cha stima kupotea ni cha kweli?

Ni cha kweli, ingawa kila nikikisimulia giza linazidi kuwa refu.

Tulikuwa kwenye shule moja ya bweni upande wa Kwale, jina lake nitaliacha. Saa moja unusu usiku, ukumbi umejaa hadi madirishani. Kwenye jukwaa tuko watatu: baba, ambaye ni mimi, chifu, na bibi mmoja mzee aliyekuja kudai haki ya mjukuu wake. Katikati ya mabishano, stima ikapotea. Jenereta ikapigwa kamba mara tatu, ikakohoa, ikanyamaza. Nikasikia mwelekezi wetu akinong'ona kutoka pembeni: "Endeleeni, endeleeni tu."

Tukaendelea gizani. Haikupita dakika mbili, mtoto mmoja nyuma akapaza sauti: "Sasa huyu ni nani?" Ukumbi mzima ukacheka. Na alikuwa na haki. Mimi na chifu tulikuwa tukisema sentensi za urefu uleule, kwa hasira ileile, kwa Kiswahili kilekile cha kitabuni. Kwenye mwanga hakuna aliyegundua, kwa sababu chifu alikuwa na kofia yake na mkwaju, mimi nina kanzu iliyochanika. Nguo zilikuwa zikituandikia tamthilia. Zilipozimwa na giza, maneno yakabaki uchi na hayakuwa na mwenyewe.

Bibi pekee ndiye aliyejulikana. Mwenzetu aliyemcheza alikuwa amejitungia desturi ya kuanza kila jibu kwa "Haya", halafu ananyamaza kidogo, kama mtu anayeweka kikapu chini kabla ya kusema. Hata alipokohoa walijua ni yeye.

Usiku ule nikirudi, nimeegemea vyuma vya feri ya Likoni, nililiwaza jambo ambalo sijaacha kuliwaza. Msomaji wa riwaya yuko katika giza lile siku zote. Haioni kofia ya chifu, na ukimwambia mara moja kwamba chifu ana kofia, baada ya kurasa tatu ameisahau. Anachobaki nacho ni maneno na ile pumzi kabla ya maneno.

Kwa hiyo ndiyo asili ya "jaribio la giza"?

Ndiyo. Mswada ukikamilika, natoa nakala ya mazungumzo peke yake. Nafuta kila "akasema fulani", kila jina, kila "kwa hasira". Nampa mtu asiyeijua hadithi na penseli, aandike pembeni nani anasema. Akikosea mara mbili kwa mhusika mmoja, mhusika huyo bado hajazaliwa, namrudisha tumboni. Katika riwaya yangu ya pili kaka wawili walishindwa jaribio hili mara nne, mwisho nikawaunganisha wakawa mtu mmoja. Sura nzima ikapona.

Unawapaje wahusika sauti tofauti, basi?

Wengi hudhani ni suala la lahaja: huyu mpe Kimvita cha hapa Mombasa, yule mpe Sheng, mwingine mpe Kiswahili cha mwalimu. Hiyo ni maleba tu. Ni kofia ya chifu nyingine.

Mwigizaji hufunzwa kuuliza swali moja kabla ya kufungua mdomo: namtaka mwenzangu anifanyie nini, sasa hivi? Mrusi Konstantin Stanislavski, mmoja wa waanzilishi wa Moscow Art Theatre mnamo 1898, ndiye anayetajwa zaidi kwa mafunzo hayo. Lakini ukikaa barazani Kibokoni jioni moja tu utayapata bila kitabu. Tazama mtu wa hapa anavyokopa pesa. Haombi. Anauliza hali. Anauliza hali ya watoto, mmoja mmoja, kwa majina. Anasikitikia bei ya unga. Anakunywa kahawa, anasifu kahawa. Anaaga. Anavaa viatu. Na akiwa mlangoni, kiganja tayari kiko kwenye komeo, ndipo: "Ala! Kumbe nilitaka kukwambia jambo, karibu nisahau." Mwenye nyumba naye alilijua tangu kikombe cha kwanza, na muda wote huo amekuwa akimsimulia jinsi mwezi ulivyokuwa mgumu.

Tamthilia nzima imo humo na neno "pesa" halijatajwa. Sauti ya mtu iko katika njia anayozungukia anachokitaka. Mwingine angezunguka kwa mzaha, mwingine kwa Qurani, mwingine kwa kulalamikia mgongo.

Mji huu una mazoea ya zamani ya kujibizana kwa mafumbo. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi mengi ya kuwajibu watu, na ukiyasoma leo unamsikia hata yule asiyesikika, anayejibiwa. Hiyo kwangu ni darasa la mazungumzo kuliko vitabu vingi vya mbinu.

Tuonyeshe mfano, usitueleze tu.

Sawa. Hiki ni kipande cha rasimu ya zamani: "Mama alikasirika sana alipogundua kwamba mwanawe alikuwa akipanga kuiuza nyumba ya Mji wa Kale kwa siri."

Hakina kosa la sarufi. Lakini mkabidhi mwigizaji uone: atakuuliza nisimame wapi, mikono niweke wapi? Mwigizaji asiye na kitu mkononi huwa kama mgeni kwenye picha ya harusi. Nikampa mama uteo wa mchele na mkebe wa kutupia vijiwe. Ikawa hivi:

"Mnunuzi ashakuja kuiona?"

"Ashakuja."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Akaokota kijiwe, akakitupa mkebeni. Ting.

"Nami nali wapi?"

"Matangani, kwa shangazi."

"Mara zote mbili?"

Kijana hakujibu. Mama akautikisa uteo, akapuliza, akaendelea kuchagua mchele ambao ulikuwa safi tangu zamani.

Mazungumzo na kijiwe ni jukwaa. Sentensi ya mwisho jukwaa haliiwezi: aliyekaa safu ya kumi na mbili hataona kama mchele una vijiwe au hauna. Msomaji ameinamishwa juu ya uteo kabisa. Hapo ndipo riwaya ilipoanza kunilipa.

Watu wa bara wataielewa Kimvita yako?

"Nali wapi" hiyo umeshaielewa, sivyo? Kwenye shule za Taita tulikuwa tukisema "ndoo" badala ya "njoo" na hakuna aliyeinuka kuuliza, kwa sababu mkono wa mwigizaji ulikuwa tayari unaita. Kitabuni mkono huo lazima uuandike. Basi, hiyo ndiyo gharama yake. Usimulizi wangu ni wa Kiswahili sanifu, midomo ya watu naiacha ilivyo. Mhariri mmoja aliwahi kunisahihishia "mato" ikawa "macho" kitabu kizima, pamoja na mahali ambapo mzee anasema "hala hala mti na mato". Tuligombana wiki mbili. Nilishinda mahali pamoja, nikapoteza pengine pote.

Kuna waandishi wakubwa waliopitia njia hii, au ni wewe tu?

Wapo tele. Kwa Kiswahili mpaka kati ya riwaya na tamthilia haujawahi kuwa ukuta. Said Ahmed Mohamed ana riwaya na tamthilia zote mbili kwa wingi. Euphrase Kezilahabi, tunayemjua kwa riwaya na ushairi, aliandika pia tamthilia. Alamin Mazrui, mzaliwa wa hapa Mombasa, ni mshairi na mwandishi wa tamthilia kwa pamoja. Ebrahim Hussein hakuandika riwaya, lakini mimi namrudia kila nikikwama kwenye mwanzo wa sura. Kinjeketile, ya mwaka 1969, inahusu Vita vya Maji Maji, na bado inaanzia kwa wanawake wawili na shida zao za nyumbani. Kabla ya vita, jikoni. Nimeiba mpango huo mara tatu, na nitauiba tena.

Anayenihusu zaidi ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1977, kule Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kikuyu na wanakijiji wakauigiza wenyewe. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wazee na wafanyakazi waliokuja kutazama waliwasahihisha: mzee haongei hivyo, mfanyakazi wa kiwandani hasemi hivi. Waandishi wawili wasomi wakasahihishwa lugha yao na watu wa mashamba ya chai. Serikali ikaupiga marufuku mchezo baada ya wiki chache, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Akiwa gereza la Kamiti akaandika riwaya juu ya karatasi za choo, safari hii kwa Kikuyu, ilhali riwaya zake zote za awali zilikuwa za Kiingereza. Ilitoka 1980, na tafsiri ya Kiswahili, Shetani Msalabani, ikatoka 1982. Yeye mwenyewe alieleza kwamba Kamĩrĩĩthũ ndiko kulikombadilisha.

Kinachonifurahisha ni jinsi riwaya ile ilivyosomwa. Watu waliisoma kwa sauti majumbani, kwenye matatu, hata baani, ambako msomaji alikuwa akifika mahali patamu ananyamaza mpaka glasi yake ijazwe. Riwaya iliyozaliwa na jukwaa ikarudi jukwaani yenyewe, bila kuombwa. Na yule msomaji wa baani alijua taharuki kuliko wahakiki.

Na wa ng'ambo?

Wawili tu. Charles Dickens wa Uingereza alipenda jukwaa maisha yake yote. Binti yake Mamie alisimulia jinsi alivyomwona baba yake akiandika, mara anaruka kwenda kwenye kioo, anakunja uso namna ya ajabu, anarudi mbio kwenye karatasi. Baadaye alizunguka akiwasomea watu hadithi zake ukumbini.

Wa pili ni Henry James, na huyu namwonea huruma. Alitamani sana kufanikiwa kwenye tamthilia. Usiku wa tarehe 5 Januari 1895, mchezo wake ulipozinduliwa London, alitoka mbele ya pazia kuinamia hadhira akazomewa. Aliacha jukwaa akiwa amevunjika moyo. Lakini alichotoka nacho kilikuwa kikubwa: riwaya zake zilizofuata akawa anazijenga onyesho kwa onyesho, hata moja, ya mwaka 1899, ikawa karibu yote ni mazungumzo. Kila nikikumbuka siku ambayo ukumbi wetu ulinizomea (ilikuwa Voi, na nilistahili), huwa namkumbuka.

Jukwaa limekuharibu mahali popote?

Pengi, na swali hili naulizwa mara chache kuliko inavyopasa.

Mswada wangu wa kwanza ulirudishwa na barua fupi: hii ni tamthilia iliyovaa koti la riwaya. Iliniuma, halafu nikahesabu. Kwenye kurasa 200, wahusika walikuwa wameingia na kutoka chumbani mara 61. Nilikuwa sijui njia nyingine ya kuanza jambo isipokuwa mtu abishe hodi. Hakuna aliyesafiri. Hakuna aliyekaa peke yake zaidi ya nusu ukurasa, kwa sababu jukwaani mtu aliye peke yake na haongei, hadhira inaanza kutafuta bazoka ya kutafuna mfukoni.

Halafu wakati. Tamthilia hupenda saa moja ifuatwe na nyingine. Ukitaka miaka 20 ipite, unazima taa, unabandika ndevu nyeupe, unamtuma mtu aje aseme "tangu mzee aende Uarabuni". Riwaya inaweza kusema "miaka 20 baadaye alikuwa bado na ufunguo ule" na imemaliza. Nilichukua miaka kuamini kwamba ninaruhusiwa.

Na undani. Mwigizaji hunyimwa fikra, lazima azigeuze kitendo au azungumze na nafsi yake kwa sauti, jambo ambalo mitaani tunalifasiri vingine. Mimi nilikuwa nimelizoea zuio lile nikaliona ni sheria. Siku niliyoandika ukurasa mzima wa mwanamke akifikiri tu, akiwa kwenye foleni ya feri, bila kutamka neno, nilihisi kama mtu aliyevuka taa nyekundu na askari hayupo.

Fikiria leso, yaani khanga. Jukwaani leso ni rangi. Aliyekaa nyuma hawezi kulisoma jina lake, ule msemo ulioandikwa juu yake. Katika riwaya mke mkubwa anaweza kufungua mlango, na mke mdogo akalisoma lile jina pole pole kifuani mwake, "Mdhaniaye ndiye siye", na wasiambiane zaidi ya "Karibu".

Unakubaliana na ile kanuni ya bunduki ya Chekhov, yule Mrusi mwandishi wa tamthilia?

Kwamba bunduki iliyotundikwa ukutani lazima ifyatuke? Jukwaani, ndiyo, kila kitu kilichoko pale mtu amekibeba kwenye gunia juu ya matatu, kwa hivyo kiwe na kazi. Kwenye riwaya napenda pia vitu viwili vitatu ambavyo vipo kwa sababu nyumba za watu zina vitu.

Hadhira uliyokuwa nayo ukumbini, unaikosa?

Sana. Ukumbini nilikuwa najua dakika ileile wapi pamelala. Kwanza viti vinalia. Halafu kikohozi kimoja, halafu vitatu, kama mvua inayoanza juu ya bati. Hakuna anayekohoa kwa makusudi. Ni mwili unatoa taarifa. Kesho yake kwenye mazoezi tunakata pale pale.

Riwaya haina kikohozi. Msomaji akichoka anafunga kitabu huko Makupa na mimi nimelala Likoni sina habari.

Kwa hiyo nimejitengenezea. Kila sura naisoma kwa sauti kwa shangazi yangu, uani, yeye akimenya mbaazi. Shangazi hajui adabu za fasihi. Hawezi kuniambia "mgogoro umelegea". Akichoka husema, "Hebu kaniletee maji, mwanangu." Mara ya kwanza nilidhani ana kiu. Sasa nikirudi na gilasi naweka alama kwenye ukingo wa karatasi. Sura ya saba ya kitabu nilicho nacho mkononi ina alama tano. Na kuna ukurasa mmoja aliacha kumenya kabisa, maganda yamesimama vidoleni, na huo siugusi hata mhariri aseme nini.

Nataka kuandika riwaya. Nianze na tamthilia?

Si lazima. Lakini jiunge na kundi kwa msimu mmoja, hata kama ni kubeba viti na kuwakumbusha watu mistari. Anayewakumbusha wengine mistari hujua maandishi kuliko wote: anasikia ni sentensi gani kila mwigizaji huisahau, na karibu kila mara ni sentensi iliyoandikwa vibaya. Ulimi huikataa kabla akili haijajua.

Hapa Mombasa nitazame wapi?

Little Theatre Club, Barabara ya Mnazi Mmoja. Swahilipot Hub, vijana wakiwa na kazi mpya. Matamasha ya drama ya shule yakifika mkoani, nenda hata kama huna mtoto anayeshindana. Halafu nenda harusini ukawatazame wanawake wakitupiana mafumbo kwa nyimbo, uone nani anainuka kucheza wimbo gani, na nani anabaki kitini.

Utarudi jukwaani?

Nimeombwa na vijana fulani nicheze mwenye nyumba anayekuja kudai kodi. Nina mstari mmoja: "Kesho ni lini?" Naufanyia mazoezi kwenye feri, asubuhi na jioni, na juzi mwanamume mmoja aliyesimama karibu yangu aligeuka akanijibu, "Alhamisi, ami." Nimemwambia mwelekezi tubadilishe tamko.